Ramani Dhana Inapokwama: Utatuzi wa Matatizo Katika Kukusanya Mahitaji ya Mfumo

Ramani dhana ni mchoro wa visanduku vyenye majina ya dhana, vilivyounganishwa kwa mishale yenye maneno, ambao ukisoma kisanduku, mshale na kisanduku kinachofuata unapata kauli moja kamili. Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani waliibuni mwaka 1972, walipokuwa na rundo la mahojiano waliyofanya na watoto kuhusu sayansi na kukosa njia nzuri ya kuona watoto hao wameelewa nini na uelewa wao unabadilikaje. Asili hiyo ina uzito kwa mchambuzi wa mifumo, yaani mtu anayewahoji watumiaji ili kujua mahitaji, au mambo ambayo mfumo wa kompyuta unapaswa kuyafanya, kwa sababu chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya kusoma maneno ya watu waliohojiwa, wala hakikukusudiwa kupamba ripoti.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili ambazo wachambuzi huzilalamikia mara kwa mara. Chini ya kila dalili, vyanzo vimetajwa kuanzia kile kinachotokea zaidi hadi kile cha nadra, na ukaguzi mwepesi umetangulia matengenezo makubwa. Mifano inatoka katika chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, yaani SACCOS, kwa kuwa ni shughuli ambayo wasomaji wengi wanaifahamu, ama kwa kukaa nyuma ya kaunta ama kwa kusimama mbele yake wakisubiri mkopo. Hata dalili yako iwe ipi, kabla hujabadilisha programu ya kuchorea au kuitisha kikao kipya, soma kwa sauti kila mshale mbele ya mtu anayeifanya kazi hiyo. Makosa mengi ya ramani dhana yamo katika maneno ya mishale, nayo visanduku husingiziwa tu.

Dalili: ramani imejaa na hakuna anayeweza kuisoma

Ramani imefikia visanduku themanini, mishale inapishana, na kila anayeitazama anatafuta jina la idara yake kisha anaachana nayo.

Chanzo cha kwanza, na kwa mbali ndicho kinachotokea zaidi, ni kukosekana kwa swali elekezi. “Mfumo wa chama unahitaji nini?” ni swali pana mno kuweza kuongoza ramani, kwa kuwa kila kitu ni jibu lake. “Ni mambo gani yanayoamua kwamba mwanachama huyu apewe mkopo huu?” ni swali elekezi, kwa kuwa linakuwezesha kukitazama kisanduku chochote na kusema kama kinasaidia kulijibu au la. Andika swali hilo juu ya karatasi, kisha uondoe kila kisanduku kisicholisaidia na ukiweke pembeni katika orodha ya akiba. Usikifute, kwa maana huenda kikawa kiini cha ramani nyingine. Novak na Alberto Cañas, katika maelekezo yao ya kujenga ramani, wanashauri kuanza na orodha ya dhana 15 hadi 25 kwa swali moja, na idadi hiyo inatosha kwa karibu kila kikao cha mahitaji.

Chanzo cha pili ni sentensi nzima kuingizwa ndani ya kisanduku. Kisanduku kinachosema “Mwanachama lazima awe amechangia kwa miezi sita kabla ya kuomba” kimemeza kauli nzima pamoja na sharti lake, na hivyo hakiwezi kuunganishwa na kitu kingine kwa usahihi. Kivunje upate Mwanachama, Muda wa uchangiaji na Ombi la mkopo, kisha uache mishale ibebe vitenzi.

Chanzo cha tatu, ambacho ni cha nadra kidogo, ni kuchanganya ramani dhana na ramani ya mawazo ya aina iliyoenezwa na Tony Buzan, ambayo huanza na neno moja katikati na kutawanya matawi yasiyo na maneno ya kuunganisha. Ramani ya mawazo inafaa kwa kukumbuka na kubuni, lakini tawi lisilosema dhana mbili zinahusianaje halimwambii msanifu wa mfumo lolote. Ukiona jina la mradi limekaa katikati kama jua na mishale yote inatoka hapo, anza upya.

Iwapo baada ya marekebisho hayo ramani bado ni kubwa, igawe katika ramani mbili au tatu zinazokutana kwenye dhana chache zenye majina yaleyale. CmapTools, programu ya bure ya taasisi ya IHMC ya Florida, inaruhusu kuziunganisha ramani hizo ili msomaji ahame kutoka moja kwenda nyingine, ingawa karatasi mbili zilizobandikwa ukutani hufanya kazi hiyohiyo.

Dalili: kila mtu alikubali ramani, lakini mfumo wa majaribio umekataliwa

Hii ndiyo dalili yenye gharama kubwa kuliko zote. Ramani ilipitishwa na saini zikawekwa, kisha siku ya majaribio karani wa mikopo anaingiza taarifa za mwanachama wa tatu na kusema, “Hapa kwetu hatufanyi hivi.”

Anza kwa kutafuta mishale mitupu. Maneno kama “inahusiana na”, “ina”, “inahusu” na “huathiri” hayapingiki, na kauli isiyopingika haiwezi kukaguliwa. Uko pia utupu uliojificha zaidi. Chukua mshale unaosomeka “Mdhamini anadhamini Mkopo”. Una kitenzi, una mwelekeo, na hakuna atakayeukataa, lakini haujasema chochote zaidi ya jina la mdhamini mwenyewe. Muulize karani ni kitu gani hasa kinachotokea katika leja siku mdhamini anapotia saini, naye atakueleza kwamba sehemu ya akiba ya mdhamini inazuiwa. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu sasa unaweza kuuliza kama kiasi kinachozuiwa ni mkopo wote au ni fungu lake miongoni mwa wadhamini kadhaa, kama kinapungua kadiri marejesho yanavyoingia au kinabaki vilevile hadi shilingi ya mwisho, na nini kinafanyika mdhamini akitaka kujitoa chamani kabla mkopo haujaisha. Kila jibu ni hitaji la mfumo, na yote yalikuwa yamefunikwa na neno moja. Kipimo chepesi ni hiki: geuza kauli iwe kinyume chake. “Akiba ya mdhamini haizuiwi” ni jambo linalowezekana na mtu atalikanusha mara moja, lakini “Mdhamini hadhamini” ni upuuzi, na mshale ambao kinyume chake ni upuuzi haujabeba hitaji.

Chanzo cha pili kwa wingi ni ramani kuchora masharti ya chama badala ya kazi inavyofanyika. Wajumbe wa bodi husimulia masharti, kwani hayo ndiyo wanayoyasimamia. Mwajiri anakata mshahara, anatuma makato, chama kinapokea marejesho, na mishale mitatu inaonekana kutosha. Katika uhalisia, fedha huingia benki kwa mkupuo mmoja, orodha ya majina hufuata baadaye, jumla ya orodha huenda isilingane na fedha zilizoingia, na katikati yake yumo mtumishi aliyehamishwa ambaye makato yake yamesimama bila yeye kujua. Mhasibu ana njia yake ya kushughulikia tofauti hiyo, pengine akaunti ya muda, pengine daftari la pembeni ambalo halijatajwa katika sharti lolote. Daftari hilo la pembeni, kwa maoni yangu, lina thamani kwa mchambuzi kuliko katiba nzima ya chama.

Ili kukibaini chanzo hiki, usiulize “huwa mnafanyaje?”, kwa sababu swali hilo huvuta masharti. Omba jalada la mkopo wa mwisho uliosumbua, fomu zake na ukurasa wake wa leja, kisha upitishe mkasa huo juu ya ramani kwa kidole, mshale hadi mshale. Pale ambapo kidole kinakosa mshale wa kupita, pana hitaji ambalo halijakusanywa. Rudia kwa mkopo uliokataliwa, mkopo uliolipwa kabla ya muda, na mkopo wa mwanachama aliyefariki. Mikasa minne ya namna hiyo hufichua mengi kuliko vikao vinne vya maelezo.

Chanzo cha tatu ni dhana moja kubebeshwa vitu viwili au vitatu. Afisa mikopo akisema “mkopo umefika” anamaanisha ombi lililopo mezani, bodi ikisema “mkopo umepitishwa” inamaanisha mkataba, na mhasibu akisema “mkopo umebaki laki nne” anamaanisha salio. Wote walikubali kisanduku kilichoandikwa Mkopo, kila mmoja akiona chake ndani yake. Mwambie kila mdau akupe mfano mmoja halisi wa kile kilichomo kisandukuni, na mifano ikitofautiana, tenganisha: Ombi la mkopo, Mkataba wa mkopo, Salio la mkopo. Usijaribu kutatua tofauti hiyo kwa kuandika maana ndefu chini ya ukurasa, maana hakuna atakayeisoma.

Acha hapa na umwite mtaalamu iwapo mishale unayoirekebisha inaamua hesabu ya fedha ya mtu, kwa mfano namna riba inavyokokotolewa kwenye salio linalopungua au amri ya kutumia akiba ya mdhamini kulipia deni. Mchambuzi huandika kwamba kanuni ipo na nani anaimiliki, lakini kuitunga au kuichagua si kazi yake. Nchini Tanzania vyama hivi viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na Kenya inayo SASRA, mamlaka ya kusimamia vyama vya namna hii, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Mpelekee mhasibu mwenye sifa na mwanasheria anayezijua kanuni hizo, na uweke alama nyekundu juu ya mshale mpaka jibu litakaporudi kwa maandishi.

Dalili: chumba kimenyamaza, mtu mmoja anachora

Kabla ya kulaumu mbinu, tazama ni nani amekaa mbele. Sababu inayoonekana zaidi ni kuwepo kwa mkubwa. Mwenyekiti au meneja akiwa chumbani, karani hatasema kwamba sharti fulani halifuatwi, na kukaa kwake kimya hakuna maana ya kukubali. Suluhisho ni kubadili mpangilio: fanya mahojiano ya mtu mmoja mmoja au ya watu wa ngazi moja, chora ramani ndogo kwa kila kundi, kisha kikao cha pamoja kiijadili ramani iliyokwisha kuunganishwa bila majina ya waliosema. Kiongozi aelezwe mapema na kwa heshima sababu ya utaratibu huo. Wengi hukubali wakielezwa kwamba mfumo uliojengwa kwa taarifa pungufu utawaaibisha wao mbele ya mkutano mkuu.

Sababu ya pili ni chombo chenyewe kutisha. Skrini iliyoangazwa ukutani na mtu mmoja mwenye kipanya huwafanya wengine wawe watazamaji. Rudi kwenye bangokitita na vikaratasi vya kunata, wape watu kalamu, na uache kompyuta kwa ajili ya kunakili baadaye. Ipo pia mbinu ambayo wengine huiona ya ujanja lakini inafaa: leta ramani ya awali yenye mshale mmoja uliokosewa waziwazi. Watu wanaoona haya kuanza kuchora huwa wepesi kusahihisha, na anayesahihisha mshale mmoja kwa kawaida huendelea na wa pili.

Sababu ya tatu ni lugha ya ramani. Ikiwa kaunta inafanya kazi kwa Kiswahili na ramani imeandikwa kwa Kiingereza kwa sababu tu waprogramu watautumia, basi umewaondoa chumbani watu wenye habari. Chora kwa lugha ya kazi, na tafsiri ije baada ya kuidhinishwa.

Acha hapa ukigundua kwamba ukimya unaficha ugomvi wa uongozi au dalili za upotevu wa fedha. Usiendelee kuhoji, na usiandike tuhuma kwenye ramani. Hilo ni jambo la kamati ya usimamizi na mkaguzi wa hesabu, na mchambuzi anayejitumbukiza humo hupoteza imani ya pande zote mbili pamoja na mradi wake.

Dalili: ramani imegeuka kuwa mtiririko wa kazi

Mishale yote inasomeka “kisha”. Ombi kisha kamati, kisha bodi, kisha malipo. Sababu ni karibu kila mara ileile: aliyehojiwa alisimulia siku yake ya kazi na mchambuzi akamfuata. Si kosa kubwa. Hifadhi mchoro huo kama mtiririko, kwa kuwa utauhitaji, kisha chukua kila hatua na uulize inategemea nini na inabadilisha nini. “Kamati ya mikopo hulinganisha Kiasi kilichoombwa na Akiba” ni kauli ya ramani dhana. Kama masharti yanasema mkopo usizidi mara tatu ya akiba, kikomo hicho kiwe na kisanduku chake, kwa sababu ndicho kitakachobadilika mkutano mkuu ujao.

Dalili: ramani za idara mbili hazilingani

Mikopo wanaonyesha mwanachama mmoja ana akaunti moja. Uhasibu wanaonyesha ana hisa, akiba na amana, kila moja na taratibu zake. Kishawishi ni kuzipatanisha mezani kwako usiku huohuo kwa kuchagua iliyo nadhifu zaidi. Usifanye hivyo.

Chunguza kwanza kama ramani zilijibu swali moja. Mara nyingi hazikulijibu, na zikishapewa swali elekezi lilelile tofauti nusu yake hutoweka. Zinazobaki, ziandike kama viungo mtambuka, yaani mishale inayotoka eneo moja la ramani kwenda jingine, na uwakutanishe watu wawili tu, mmoja wa kila idara, juu ya kila mshale wenye ubishi. Viungo mtambuka ndiyo sehemu yenye faida kubwa zaidi ya ramani dhana, kwa sababu huonyesha mahali ambapo taarifa inavuka mpaka wa idara, na hapo ndipo mfumo hukatika. Ikibainika kwamba idara zote mbili ziko sahihi kwa kazi zao, basi mfumo unahitaji mionekano miwili ya taarifa moja, na hilo liandikwe hivyo.

Ikiwa tofauti ni ya madaraka, kwa mfano nani ana idhini ya kufuta riba ya adhabu, ipeleke kwa bodi. Mchoro haugawi madaraka.

Dalili: waprogramu wanasema ramani haiwasaidii

Malalamiko haya yana haki zaidi kuliko wachambuzi wanavyopenda kukiri. Chanzo cha kwanza ni kutokuwepo kwa hatua ya kati. Ramani dhana ni mali ghafi, na haipaswi kukabidhiwa kama maelezo ya mfumo. Pitia kila mshale na uupe namba, kisha uandike kwa namba hiyo hitaji moja au zaidi katika sentensi kamili. Kiwango cha kimataifa cha uandishi wa mahitaji, ISO/IEC/IEEE 29148, toleo la mwaka 2018, kinataka hitaji liwe la lazima, lisilo na utata, linaloweza kuthibitishwa na linalobeba jambo moja tu. Mshale usioweza kuzaa hata sentensi moja ya namna hiyo ama ni mtupu, ama ni maelezo ya mazingira yanayostahili kubaki kwenye ramani pekee.

Chanzo cha pili ni kukosekana kwa idadi. Ramani inasema mkopo una wadhamini, lakini hifadhidata inataka kujua kama ni mmoja, wawili au wasio na kikomo, na kama mkopo wa dharura unaweza kukosa kabisa. Mchoro wa vitu na mahusiano, ambao Peter Chen aliueleza mwaka 1976, umejengwa kwa kubeba idadi hizo. Wachambuzi wengi hufuata njia rahisi ya kugeuza: nomino zinazohifadhiwa huwa vitu, vitenzi huwa mahusiano, na nomino zinazopimwa tu, kama tarehe na kiasi, huwa sifa. Njia hiyo haimalizi kazi, lakini inampa msanifu mahali pa kuanzia na orodha ya maswali ya kurudisha kwa wadau.

Chanzo cha tatu ni mahitaji ya ubora kusahaulika. Ramani huvuta dhana za shughuli, kwa hiyo kasi, usalama, nakala rudufu na namna mfumo utakavyofanya kazi umeme ukikatika au mtandao ukiwa hafifu havijitokezi vyenyewe. Tengeneza ramani ndogo ya pekee yenye swali kama “Ni nini kinachoweza kuizuia kaunta isihudumie wanachama siku ya mshahara?” na majibu yatamiminika.

Mwite mtaalamu mara visanduku vinapoanza kutaja namba za vitambulisho, mishahara, alama za vidole au taarifa za afya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na swali la nani aone nini na taarifa zitunzwe kwa muda gani linahitaji mwanasheria pamoja na mtu wa usalama wa mifumo. Wakati unasubiri, ondoa kwenye ramani majina halisi ya wanachama yaliyoingia kama mifano. Ramani husafiri kwa barua pepe na vikundi vya WhatsApp kwa urahisi kuliko leja.

Dalili: ramani haifanani tena na kilichojengwa

Mara nyingi sababu ni kwamba ramani ilibaki kwenye kompyuta ya mtu mmoja huku mabadiliko yakipitishwa kwa simu. Weka nakala moja inayotambulika, yenye tarehe na jina la aliyeibadilisha, na usikubali badiliko la mfumo lisilotaja namba ya mshale. Ikiwa mfumo umeshatangulia mbali, usijaribu kuifukuzia ramani yote. Chora upya eneo linalotarajiwa kubadilishwa tu, ukitumia mikasa halisi kama ilivyoelezwa hapo juu.

Kabla ya kugusa mshale wowote, hata ule wenye kosa la wazi, hakikisha kama ramani imeambatishwa kwenye mkataba na mtengenezaji wa mfumo. Ikiwa imeambatishwa, ni sehemu ya makubaliano, na kuibadilisha bila idhini ya maandishi ya pande zote kunaweza kuufanya ubishi mdogo uwe madai ya fedha. Orodhesha marekebisho kwenye karatasi tofauti, yenye namba za mishale na sababu zake, na uikabidhi kwa afisa ununuzi au mwanasheria wa chama.